Bata Alivyoingia Ikulu

Nchi ya Tele haimo kwenye ramani yoyote, na atakayeona inafanana na nchi anayoijua, macho yake ndiyo yenye makosa, akayapime. Ni nchi ya amani. Ina mito, ina milima, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko za majirani, na kila kitu kimo humo tele isipokuwa vile vinavyotafutwa. Wananchi wake ni watu wa kuitikia. Kiongozi akisema jambo, wanaitikia. Kesho yake akisema kinyume, wanaitikia vilevile. Ila wana adabu moja wanayoishika kuliko dini: hakuna anayeitikia wa kwanza. Wa kwanza ni Waziri. Waziri akishapaza sauti ndipo taifa hufuata, na hata aliyekuwa amesinzia huamka akiitikia.

Siwatu Kipande hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mwimbaji wa harusi, mjane mnene mwenye sauti ya kupenya ukuta, na bendi yake ilikuwa ya watu wanne pamoja na mpiga ngoma wake, Kapilima, ambaye alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa ngoma. Marehemu mumewe alimwachia kinanda kibovu na binti mmoja mzima, Zamzam. Binti huyo hakuimba. Alikuwa akifuatana na mama yake kwenye shughuli za watu, akisaidia kuosha sahani nyuma ya nyumba.

Siku moja waliitwa kwenye harusi ambayo pilau ilikataa kuiva. Kuni zilikuwa mbichi, mpishi alikuwa amejifungia jikoni akilia kwa moshi na kwa aibu, na wageni wa upande wa bwana harusi walishaanza kuulizana kwa sauti kama wameitwa kula au kufunga. Mama wa bibi harusi alimfuata Siwatu akimshika mkono. "Dada, nifichie aibu hii. Imba chochote."

Siwatu alikuwa ameshaimba kila alichokijua. Akatupa macho uani, na huko akamwona bata wa nyumba ile. Bata mwenyewe alikuwa ameingiza mguu ndani ya kiatu cha mtoto, kiatu kikamganda, naye anatembea kwa madaha huku kidari kimetuna, kana kwamba yeye ndiye mshenga. Siwatu akashika kipaza sauti.

"Bata kavaa viatu!"

Kimya. Wageni walimtazama kwa macho ya njaa. Akarudia, sauti ikamtetemeka kidogo, kwa sababu mwimbaji anayekosa muitikiaji hana tofauti na mtu anayesema peke yake njiani. Hapo kutoka nyuma, kwenye mabeseni ya vyombo, Zamzam akainuka na mapovu hadi viwikoni, akapiga ukelele:

"Kwaa kwaa!"

"Cha kulia kushoto!"

"Kwaa kwaa!" Sasa waliitikia na waosha vyombo wenziwe.

"Anakwenda harusini!"

"Kwaa kwaa!" Meza ya wazee nayo ikaingia.

"Mwambieni avue!"

"Hataki!" akajibu Zamzam, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Kapilima akaipata ngoma yake. Bibi mmoja aliyekuwa ametangaza kuwa anaondoka akaweka mikono nyuma ya kiuno kama mkia, akatanua vidole vya miguu, akayumba kulia, akayumba kushoto, na wageni wakapanga mstari nyuma yake. Pilau ilipoiva hapakuwa na aliyeiuliza. Mpishi ilibidi atoke na upawa wake kuwaita watu waje wale.

Wimbo huo haukuwa na maana yoyote, na hili lieleweke mapema kwa sababu huko mbele watakuja wenye maana zao. Jioni ile ile kungwi mmoja alimsogelea Siwatu akamnong'oneza, "Shoga, huyo bata ni nani?"

"Ni bata."

"Haya, nimekuelewa," akasema kungwi, akaondoka amevimba kwa niaba ya jirani yake.

Njiani kurudi nyumbani Siwatu alimshika binti yake bega. "Wimbo ni chungwa, mwanangu. Mimi natupa, lazima pawe na wa kudaka. Asipokuwepo linaanguka chini linaoza. Leo umenidakia."

"Na harusini kwangu utauimba, mama?"

"Nani mwingine auimbe? Tena kwa mbwembwe. Ila siku hiyo wewe hutadaka. Bibi harusi anainamisha uso, hacheki, haitikii, hata aambiwe nini. Usije ukanitia aibu mbele za watu."

Zamzam akaahidi, na ahadi hiyo aliitoa kwa moyo safi.

*

Wimbo ukatoka. Ulianza na watoto, ukapita kwa wauza nyanya, ukaingia redioni kupitia mtangazaji aliyesahau kuzima kipaza sauti huku akiuimba mwenyewe. Timu ya mpira ikifungwa, mashabiki waliimba bata. Ikifunga, waliimba bata. Mtu na mkewe wakigombana, mmoja akisema "kwaa kwaa" ugomvi uliisha. Mahakama za mwanzo zikaanza kukosa kesi, jambo lililowatia mahakimu wasiwasi.

Watu waliouimba kuliko wote walikuwa Bendi ya Gwaride la Heshima. Askari hao walikuwa wakilipwa zaidi kwa pongezi, kwa hiyo kila mwisho wa wiki walikwenda kupiga tarumbeta harusini ili angalau wale. Ikafika wakati wimbo wa taifa waliukosea katikati, lakini bata walimpiga hata wakiwa wamefumba macho.

Sasa Tele ilikuwa na mkuu wake, ambaye katiba ilimwita Mlezi wa Taifa. Alikuwa mzee mpole wa kutazama, aliyekuwa madarakani muda mrefu mpaka picha yake ukutani ilipauka na kubadilishwa, na ile mpya nayo ikapauka. Siku yake ya kuzaliwa Baraza la Mawaziri lilimpa zawadi ya viatu. Vilikuwa vyeusi vya kung'aa, vyenye vifungo vya dhahabu. Aliyevichagua ni Mheshimiwa Dokta Malimbe, Waziri wa Utulivu na Nderemo. Fundi alimwomba kipimo cha mguu wa Mlezi, na Dokta Malimbe akaona ni utovu wa adabu kudhani kwamba kiongozi mkubwa ana mguu mkubwa. Akaagiza vidogo.

Mlezi alivivaa, vikambana mpaka masikio yakawaka moto. Mawaziri wakasema kwa pamoja, "Vimekukaa, Mtukufu!" Akadhani ngozi italegea.

Ndivyo alivyokwenda navyo uwanja wa ndege kumpokea rais wa nchi jirani. Zulia likatandikwa, bendi ikajipanga. Hapo ndipo mkuu wa bendi alipogundua kuwa hakuna aliyemwambia mgeni anatoka nchi gani. Ndege ikafunguka. Dokta Malimbe akamkonyeza apige. Mkuu wa bendi akawageukia vijana wake akasema huku meno yamebanwa, "Pigeni mnachokijua!"

Wakapiga walichokijua.

Mlezi wa Taifa, mikono nyuma kama ilivyokuwa desturi yake, vidole vya miguu vimetazama nje kwa maumivu, akaanza kupita juu ya zulia. Akayumba kulia, akayumba kushoto. Mgeni alikuwa mtu mwenye adabu na aliyezunguka dunia. Aliwahi kusuguana pua na wafalme na kunywa maziwa yaliyochanganywa na damu. Akaona hii ndiyo mila ya Tele. Akaweka mikono nyuma, akayumba. Mkewe akayumba. Mabalozi wakayumba, mawaziri wakayumba, na Dokta Malimbe, aliyekuwa na jicho la kuona fursa kuliko mwewe, akapaza sauti: "Kwaa kwaa!"

Uwanja mzima ukaitikia.

*

Kesho yake gazeti la serikali lilieleza kwamba Mlezi amelizawadia taifa mwendo wake. Wiki haikuisha, Dokta Malimbe akahutubia.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanatembea. Yanatembea ovyo! Mguu huu mbele, mguu huu nyuma, bila dira, bila falsafa! Sisi wa Tele tumepata mwendo wetu wenyewe, usioazimwa, usiokopwa, uliobuniwa na Mlezi katika saa ya tafakuri nzito. Na kuanzia leo atakayetembea vingine, tutamuuliza anakwenda wapi! Kwaa kwaa!"

"Kwaa kwaa!" wakaitikia.

Ukawa Mwendo wa Taifa. Watumishi wa umma waliamriwa kuvaa kiatu cha kulia kushoto. Posta barua zilichelewa, lakini zilichelewa kwa heshima. Hospitalini wabeba machela waliyumba na mgonjwa kulia na kushoto, na wagonjwa wengine walipona wenyewe kabla ya kufikishwa kwa daktari kwa kuogopa kuanguka. Wanariadha wa Tele walikwenda kushindana ughaibuni wakashika mkia, wakapokelewa kishujaa, kwa kuwa katika mbio zile ni wao peke yao waliokimbia kwa mwendo sahihi.

Siwatu aliitwa wizarani. Alivaa kanga zake mpya, akadhani anakwenda kupewa asante. Dokta Malimbe alimkuta amekaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, hongera. Kuanzia leo wewe ni Mama wa Bata wa Taifa."

"Ahsante, mheshimiwa. Na wimbo?"

"Wimbo umekua. Umeondoka nyumbani. Wataalamu wangu wameurekebisha kidogo tu." Akakohoa. "Huyu bata anakwenda harusini. Kwa nini?"

"Ameamua mwenyewe, mheshimiwa."

"Bata wa taifa hawezi kwenda harusini. Kazini atabaki nani? Tumeandika anakwenda kwenye maendeleo. Halafu hapa mwisho. Anaambiwa avue viatu, anajibu hataki. Hataki! Mama, katika Tele kuna mtu asiyetaka?"

"Ni bata tu, mheshimiwa. Watu wanacheka hapo."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Sasa ataitikia, 'Yu tayari.' Na kucheka tumekuondoa kabisa. Mtu ataweka mkono kifuani, atasimama wima, atatazama mbali."

Siwatu alitazama dirishani kumtafuta mtu wa kumwambia kuwa huu ni mzaha, akamwona mlinzi getini anayumba kwenda kufungua lango. Akapokea nishani yake, akashukuru, akaenda nyumbani.

Wataalamu waliupunguza mwendo wimbo ule hadi mtu akaweza kumaliza kikombe cha uji kati ya kwaa ya kwanza na kwaa ya pili. Wakauongezea beti za barabara, za visima na za pamba. Mtoto aliyecheka shuleni wakati wa wimbo aliitiwa mzazi. Mzazi akicheka naye, aliitiwa babu.

Kilichomuumiza Siwatu hakikuwa hayo. Kilichomuumiza ni harusi ya kwanza aliyokwenda kuimba baada ya sheria hizo. Alishika kipaza sauti kama zamani, akatupa, "Bata kavaa viatu!" Wageni wakaweka masahani chini. Wakasimama. Mikono ikaenda vifuani, macho yakatazama mbali, na yule bibi aliyewahi kuongoza mstari wa kuyumba akatoa leso akajifuta machozi ya uzalendo, huku akiangalia pembeni kama kuna anayemwona akijifuta. Siwatu aliimba mpaka mwisho kwa sababu alikuwa ameshalipwa, kisha akaenda nyuma kwenye mabeseni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wameniulia bata wangu," akamwambia Kapilima, na akalia kweli.

"Hajafa, dada. Amekuwa serikali."

"Afadhali angekufa. Ningemtengeneza mchuzi."

Mwezi huo huo wazee wa watu walikuja kumposa Zamzam kwa ajili ya kijana fundi cherehani mwenye tabia njema, na siku ikapangwa. Siwatu akanunua mchele, akaanza kuutafuta wimbo mwingine wa kumwimbia mwanawe. Hakuupata. Kila alichotunga kilitoka na miguu ya bata.

*

Miguu ya Mlezi nayo haikuweza tena. Akasafiri kwenda ng'ambo kutibiwa, na huko muuguzi mmoja asiyejua yeye ni nani akamvua vile viatu, akaguna, akampa makubazi ya hospitali. Mlezi alikaa huko akipunga upepo, akasahau maumivu. Aliporudi alishuka ndegeni na makubazi yale yale, akitembea wima kama kijana.

Chini alikuta mawaziri wote wamejipanga wanayumba. Njia nzima hadi Ikulu watu walikuwa kandokando wakiyumba, polisi wa pikipiki wanayumba, na mbwa mmoja aliyeinukia katika mazingira hayo anayumba. Mlezi, ambaye alipokuwa akiyumba mwenyewe hakuwahi kuwaona wakiyumba, alitazama nje ya gari.

"Malimbe."

"Mtukufu."

"Hawa watu wamepatwa na nini?"

Hapa msomaji amhurumie Dokta Malimbe. Angesema, "Wanakuiga wewe, Mtukufu." Mlezi angeuliza, "Mimi nilitembea hivi lini?" Na kutoka hapo pasingekuwa mbali kufika kwenye viatu, na kwa aliyevichagua.

"Wamepotoshwa, Mtukufu."

"Na nani?"

"Kuna mwimbaji mmoja."

Siwatu alikamatwa akiwa barazani anapepeta mchele wa harusi. Zamzam alikuwa ndani na kungwi wake, ameshapakwa liwa, hatakiwi kutoka nje. Alisikia tu ungo ukianguka. Askari waliokuja walikuwa wawili, nao waliyumba kuja na wakatembea wima kurudi, kwa sababu amri mpya ilisomwa redioni wakiwa bado mlangoni.

Walimweka mahali palipoitwa Nyumba ya Tafakuri. Shtaka lake lilikuwa kulilemaza taifa. Dokta Malimbe akaja kumtembelea mwenyewe, na safari hii hakumwita mama.

"Utaomba radhi Uwanja Mkuu, mbele ya wananchi wote. Maneno tumekuandikia. Ukiyasoma vizuri, jioni hiyo uko na mwanao. Ukiyasoma vibaya, siku utakayomwona tena atakuja na wajukuu."

"Siku gani, mheshimiwa?"

Waziri akamtajia. Ilikuwa siku ya harusi yenyewe.

"Mheshimiwa, siku hiyo namwoza binti yangu. Nina mtoto mmoja tu."

"Hilo limefikiriwa. Siku hiyo harusi zote zimesimamishwa, na walioalikwa wote watakuja uwanjani. Na bibi harusi pia. Serikali haina ubaguzi."

Kapilima alipoletwa kumwona alimkuta Siwatu anayakariri yale maneno. Akajikuna kichwa. "Omba tu, dada. Radhi haina mwiba."

"Nitaomba. Wangesema nimetunga na ukame, ningeukubali. Nataka kumwona mwanangu akiwa amevaa. Ila naona uchungu, Kapilima. Kitu kilichekesha watu wenye njaa, na sasa nakiombea radhi kwa watu walioshiba."

*

Uwanja ulijaa. Upande mmoja walikaa wageni wa harusi, maana walikuwa wameamriwa waje kama walivyo, na katikati yao alikaa Zamzam na shela lake, hina imemkolea hadi viwiko, uso ameuinamisha kama alivyofunzwa. Kungwi alikuwa pembeni yake akimpepea. Bwana harusi alikuwa safu ya nyuma akitafuna kucha, na mpishi, aliyelazimika kuacha sufuria motoni, alikuwa akinusa hewa kwa mashaka.

Mlezi akaingia. Itifaki haikuruhusu makubazi, kwa hiyo alikuwa amevishwa vile viatu vyake vya sherehe, vyeusi, vyenye vifungo vya dhahabu. Akaingia akiyumba.

Watu wakapigwa na butwaa. Kuyumba kulikuwa kumepigwa marufuku na aliyekuwa anayumba ni Mlezi. Wengine wakasimama kwa mguu mmoja wakisubiri ufafanuzi. Mkuu wa Majeshi alianza kuyumba kulia, akakumbuka, akabaki ameinama huko huko kulia mpaka Mlezi alipoketi.

Siwatu akapandishwa jukwaani. Aliona shela jeupe kwa mbali, akashika karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi, Siwatu Kipande, naungama mbele ya taifa," akasoma, akanyamaza, kwa kuwa karatasi ilisema hapo anyamaze wananchi waitikie.

Hawakuitikia. Walikuwa wanamsubiri Waziri. Na Waziri alikuwa ameganda, kwa maana ghafla alikumbuka kitu alichosahau kumuuliza Mlezi. Kiitikio ni "Asamehewe" au ni "Asisamehewe"? Akageuka kumsoma Mlezi usoni. Uso ulikuwa umekunjamana, jasho linatiririka, meno yamebanwa. Ilikuwa hasira? Ilikuwa huruma? Ilikuwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, lakini hilo Dokta Malimbe hakuwa na njia ya kulijua.

Kimya kikatanda. Siwatu akasubiri, kisha akaendelea kwa unyonge.

"Naungama kwamba kwa ujinga wangu, nikiwa harusini, nilitamka maneno haya: Bata kavaa viatu."

Aliyasema taratibu, bila ngoma, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Maneno yakatoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja, yakazunguka, hakuna aliyeyapokea. Siwatu akainua macho. Alikijua kimya kile. Alishawahi kusimama ndani yake, mbele ya watu wenye njaa, na sauti ikamtetemeka.

Zamzam pia alikijua. Chini ya shela alikuwa akipigana na ahadi yake. Alisikia sauti ya mama yake ikielekea kuanguka chini, na mikono yake, japo ilikuwa na hina na si mapovu, ikamwasha. Akainua uso mbele ya taifa zima.

"Kwaa kwaa!"

"Mwanangu! Aibu!" kungwi akamfinya paja.

Lakini wageni wa harusi walishasikia. Na mahali popote penye watu, bibi harusi akiamua jambo, wageni hufuata. "Kwaa kwaa!" wakaitikia. Bwana harusi akaitikia akiwa amesimama juu ya kiti. Safu za jirani zikashika, na Dokta Malimbe, aliyesikia taifa likiitikia kabla yake kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona amechelewa kazini, akaruka akapiga kelele kuliko wote: "Kwaa kwaa!"

Basi ikawa imetoka kwa Waziri, na uwanja mzima ukajiachia.

Siwatu akaitupa karatasi. "Cha kulia kushoto!"

"Kwaa kwaa!"

Bendi ya Gwaride haikusubiri amri; ilipiga ule mwendo wa zamani, wa kasi, wa kwenye pilau. "Anakwenda harusini!" Askari waliotandazwa kando ya uwanja waliitikia huku wameshika bunduki zao kama watoto wachanga. Mlezi akainuka, akaenda kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi!"

"Kwaa kwaa!"

"Nyamazeni!"

"Kwaa kwaa!"

Sasa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Siwatu, na Siwatu akamwona kwa karibu. Aliona mzee mwenye machozi machoni, miguu imevimba hadi juu ya vifungo vya dhahabu. Hasira aliyokuwa nayo ikapungua, maana yeye ni mtu aliyewahudumia maharusi miaka yote na anajua kiatu kinachobana kinavyoonekana.

"Baba," akasema, na kipaza sauti kikawafikishia wote. "Vua viatu. Vinakuumiza."

Uwanja ukatulia. Kwa muda wote ule, katika mawaziri wote, washauri wote na mabalozi wote, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Nchi nzima ilikuwa imelemaa kwa kukwepa kulisema. Mlezi akatazama chini miguuni. Akamtazama Dokta Malimbe.

"Vimekukaa, Mtukufu," akasema Waziri kwa sauti nyembamba.

Mlezi akavuta pumzi, na watu wakadhani anainama. Hakuinama. Akainua kidevu.

"Sitaki!" akasema.

Kicheko kilichofuata kilisikika nchi jirani, na inasemekana yule rais aliyewahi kuja kwa ziara alikisikia akaweka mikono nyuma kwa heshima. Mlezi alitoka uwanjani kwa mguu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na safari hii hakuna aliyemfuata kwa mwendo wake. Kila mtu aliyumba kwa kucheka.

*

Taarifa ya serikali ilisema uwanjani hakukutokea kitu. Baada ya hapo hotuba zikawa ngumu katika Tele, kwa kuwa afisa akisema sentensi ya kwanza tu, mtu mmoja huko nyuma husema kwaa, na shughuli inaishia hapo. Mlezi alistaafu kwa sababu za kiafya. Haikuelezwa ni kiungo gani. Dokta Malimbe yu waziri bado. Kiongozi mpya alipoapishwa alimchagulia zawadi ya kofia, akaona ni utovu wa adabu kudhani ana kichwa kikubwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ya siku ile harusi ilifanyika, na pilau, iliyoachwa motoni bila mtu, ilikuwa imeungua chini na mbichi juu, ikabidi kupikwa upya. Wageni walisubiri. Siwatu aliimba mpaka sauti ikakauka, kisha akaenda kuketi karibu na mwanawe kwenye jamvi la maharusi, akamwekea shela sawa.

"Nilikuambiaje, wewe mtoto? Bibi harusi hacheki, haitikii."

Zamzam alikuwa ameinamisha uso vizuri sana, kana kwamba mchana ule si yeye.

"Sikuitikia, mama," akasema. "Nilidaka."